Unga wa Wei: Chakula Kilichopunguzwa

Kwa miaka mingi kopo la unga wa wei, yaani unga wa protini iliyochujwa kutoka kwenye maziwa, lilikuwa na makao yanayojulikana: ndani ya mkoba wa mtu anayenyanyua vyuma, pembeni ya taulo na chupa ya kutikisia. Siku hizi limehama. Liko mezani wakati wa kifungua kinywa, liko kabatini kwa bibi ambaye binti yake amemwambia kwamba misuli inamwisha, na liko jikoni kwa watu wanaotumia sindano za kupunguza uzito, semaglutaidi na tirzepataidi, ambao hamu yao ya kula imeshuka kiasi kwamba sahani ya chakula inawashinda lakini kikombe cha unga uliokorogwa kinapita. Sambamba na kuhama huko, neno "protini" limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya mtindi, biskuti, mkate na hata maji ya kunywa. Sioni ubaya katika kopo kuhama. Ninachokiona ni kwamba limehama bila maelezo yake. Mnyanyua vyuma alilitumia juu ya milo mitatu ya kushiba, kwa hiyo upungufu wowote wa unga ule ulifunikwa na milo hiyo. Anayelitumia mahali pa mlo hana kifuniko hicho, na namba iliyoandikwa mbele ya kopo haimwambii hivyo.

Hoja ninayoitetea ni moja. Unga wa wei ni chakula kinachopatikana kwa kupunguza, si kwa kuongeza. Ni maziwa yaliyoondolewa mafuta, kaseini (protini inayoganda kuwa jibini), maji, laktosi (sukari ya maziwa) na sehemu kubwa ya madini hadi ikabaki karibu protini tupu. Sifa zake nzuri zinatokana na upunguzaji huo, na mapungufu yake yanatoka papo hapo. Wanaounadi kama maziwa yaliyotiwa nguvu wanakosea, na wanaouogopa kama zao la maabara wanakosea pia, kwa sababu pande zote mbili zinauliza kimeongezwa nini humo, ilhali swali lenye faida ni kimetolewa nini.

Tuanzie kwenye maziwa yenyewe. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban gramu 33 za protini, na kati ya hizo kama asilimia 80 ni kaseini. Asilimia 20 iliyobaki ndiyo protini ya wei. Mtengenezaji wa jibini anapotia kimeng'enya cha kugandisha, kaseini hushikana na kufungia ndani yake mafuta pamoja na sehemu kubwa ya kalsiamu, na bonge hilo ndilo jibini. Maji yanayochuruzika pembeni, yenye rangi ya njano inayoelekea kijani kwa sababu ya vitamini B2, ndiyo wei. Lita kumi za maziwa hutoa takriban kilo moja ya jibini gumu na lita tisa za maji hayo, ambayo zaidi ya asilimia 90 ni maji hasa, karibu asilimia 5 ni laktosi, na protini haifiki hata asilimia 1. Kwa vizazi kadhaa watengenezaji waliyahesabu kuwa kero. Waliwanywesha nguruwe, waliyamwaga mashambani, na walipoyaelekeza mitoni samaki walikufa, kwa kuwa bakteria waliokuwa wakiila laktosi ile walimaliza oksijeni iliyokuwamo majini. Ukiyakausha tu maji hayo bila kuyachuja, unapata unga wenye protini ya asilimia 11 hadi 14 na laktosi inayozidi asilimia 70, yaani sukari ya maziwa yenye protini kidogo. Unga huo bado upo sana: "unga wa wei" unaotajwa kwenye viambato vya biskuti ni huo, wala si ule wa kwenye kopo, ingawa jina ni lilelile na muuza biskuti hana haraka ya kukusahihisha.

Kilichobadili mambo ni utando wa kuchujia, ambao ulianza kuenea viwandani katika miaka ya 1970. Vitundu vyake ni vidogo kiasi cha kuzuia molekuli kubwa za protini na kuacha laktosi, madini na maji vipite. Ukichuja hadi asilimia 80 ya kitu kikavu iwe protini, unapata daraja linaloitwa konsentreti, ambalo bado lina laktosi na mafuta ya asilimia chache kila moja. Ukiendelea kuchuja, au ukitumia njia ya kubadilishana chaji za umeme, hadi protini ifike asilimia 90 na zaidi, unapata aisoleti, ambayo laktosi yake ni karibu asilimia 1 na mafuta yake hayazidi hapo. Hesabu moja ndogo inaonyesha ukubwa wa kazi hii. Kwa kuwa lita ya maziwa ina takriban gramu 6 za protini ya wei, kijiko kimoja cha kupimia kinachotoa gramu 24 kimebeba protini ya wei iliyokuwamo katika lita 4 za maziwa. Laktosi ya lita hizo nne, ambayo inazidi gramu 150, imeachwa nyuma pamoja na karibu maji yote, na mafuta na kaseini vilikwishaondoka na jibini. Hakuna mtu anayeweza kunywa lita nne za maziwa kabla ya kwenda kazini. Kijiko cha unga kinampa sehemu moja tu ya lita hizo, sehemu ndogo kabisa kwa uzito.

Sehemu hiyo ndogo ina ubora wa hali ya juu, na jambo hili lisipuuzwe kwa ajili tu ya kuonekana mkosoaji. Wei si protini moja bali ni mkusanyiko. Karibu nusu yake ni beta-laktoglobulini, robo au pungufu kidogo ni alfa-laktalbumini, na zinazobaki ni kingamwili, albumini ya damu, laktoferini kidogo, na kipande cha kaseini kinachokatwa na kimeng'enya cha jibini. Kwa pamoja zinaleta asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zote tisa ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, tena kwa wingi unaozidi vyakula vingi. Leusini, ambayo ndiyo asidi amino inayouamsha msuli uanze kujijenga, ni takriban asilimia 10 ya protini ya wei, kwa hiyo gramu 24 zinatoa kama gramu 2.5, kiasi ambacho wataalamu wengi wanakiona kuwa kinatosha kuwasha kazi hiyo. Isitoshe, wei haigandi tumboni kama kaseini inavyoganda kwenye asidi. Inapita upesi, na asidi amino zake huonekana kwenye damu kwa wingi ndani ya saa moja hivi. Katika kipimo cha ubora kilichopendekezwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) mwaka 1991, wei inapata alama 1, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Kipimo hicho kina kasoro moja, nayo ni kwamba kinakata alama zote zinazozidi 1, kwa hiyo yai, maziwa, wei na soya iliyosafishwa huonekana kama ndugu wa tumbo moja. Kwa sababu hiyo mwaka 2013 FAO ilipendekeza kipimo kipya kinachoangalia kila asidi amino inavyofyonzwa hadi mwisho wa utumbo mwembamba, bila kukata alama, na hapo wei inabaki kileleni pamoja na maziwa na mayai.

Hayo ndiyo yaliyobaki. Sasa tuyatazame yaliyotolewa, maana hapa ndipo kopo linaponyamaza. Kijiko cha gramu 30 cha konsentreti kinatoa protini gramu 24, wanga gramu 3, mafuta gramu 2, na nishati ya kilokalori 120 hivi. Ili kupata gramu 24 kutoka kwenye maziwa yasiyoondolewa mafuta, mtu anahitaji mililita 730, ambazo zina zaidi ya kilokalori 440, laktosi ya gramu 35, mafuta yapatayo gramu 24, na kalsiamu ya zaidi ya miligramu 800. Kijiko cha unga huishia kwenye kalsiamu ya miligramu 100 hadi 150. Mayai manne yanafikisha protini hiyohiyo kwa chini kidogo ya kilokalori 300, lakini yanakuja na kolini, vitamini A, vitamini B12 na mafuta ambayo vitamini nyingine huyahitaji ili zifyonzwe. Maharage yaliyochemshwa yatahitaji kuwa gramu 275, na yataleta kilokalori zipatazo 350. Hata hivyo yataleta pia nyuzinyuzi zaidi ya gramu 15, madini ya chuma kama miligramu 6, na potasiamu inayozidi gramu moja. Ndani ya unga wa wei nyuzinyuzi hazimo, vitamini C haimo, na chuma ni kidogo mno kuhesabika. Anayetafuta protini bila nishati nyingi atafurahia ulinganisho huu, na ana haki ya kufurahi, kwa sababu ni vyakula vichache vya kawaida vinavyokaribia uwiano huo, kama vile ute wa yai, samaki mweupe na kifua cha kuku kisicho na ngozi. Anayetafuta mlo anapaswa kuusoma ulinganisho uleule na kuona kwamba amepewa kitu kimoja peke yake.

Namba yenyewe nayo ina mambo yake. Niliwahi kuweka mizani ya jikoni mezani na kupima kile nilichokuwa nikikiita kijiko kimoja. Lebo ilisema gramu 30. Kijiko kilichosawazishwa kwa ubapa wa kisu kilikuwa gramu 31, jambo la kusifika. Kijiko nilichokuwa nikikichota kila siku, kilichojaa kichuguu na kushindiliwa ukutani mwa kopo, kilikuwa gramu 41. Nilikuwa nikinywa theluthi moja zaidi ya nilichodhani, na kopo la gramu 900 lililoahidi vipimo 30 lilikuwa likiishia kwenye 22. Kosa hilo lilikuwa langu, lakini lipo kosa jingine ambalo limepangwa. Linganisha makopo mawili, moja likitangaza gramu 24 kwa kipimo cha gramu 30, na jingine gramu 25 kwa kipimo cha gramu 46. Mbele, la pili linashinda. Gawanya, na la kwanza ni asilimia 80 protini, la pili ni asilimia 54, na tofauti hiyo imejazwa na sukari, unga wa kakao au vinenepeshi. Zile ndoo kubwa za kuongeza uzito, zinazonadi gramu 50 za protini kwa kipimo cha gramu 300, zina protini ya asilimia 17. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni maltodekstrini, wanga unaofyonzwa upesi kama sukari. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ukubwa wa kipimo ndiyo ngozi inayovutwa.

Chini ya hesabu hiyo kuna hesabu nyingine ambayo msomaji wa lebo haioni kabisa. Maabara nyingi hazipimi protini moja kwa moja, zinapima nitrojeni. Njia hiyo ilibuniwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, naye alikuwa akishughulikia nafaka za kutengenezea bia. Chakula kinachemshwa kwenye asidi, nitrojeni yake inapimwa, kisha jibu linazidishwa kwa 6.25, au 6.38 kwa vyakula vya maziwa, kwa dhana kwamba nitrojeni yote imetoka kwenye protini. Dhana hiyo ni sahihi mradi kila mtu awe mwaminifu. Glisini, asidi amino rahisi kuipata, ina nitrojeni nyingi kiasi kwamba gramu moja ikitiwa kwenye unga husomeka kama gramu 1.17 za protini, na kreatini husomeka zaidi ya hapo, ilhali hakuna hata moja kati ya hizo iliyo protini. Mwaka 2008 nchini China tundu hilo lilitumiwa kwa ukatili. Melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki ambayo gramu yake moja husomeka kama zaidi ya gramu 4 za protini, ilitiwa kwenye maziwa yaliyotiwa maji ili yapite kipimo. Watoto wachanga karibu 300,000 waliugua na sita walifariki. Hakuna anayesema kwamba makopo ya wei yana melamini. Ninachosema ni kwamba neno "protini" kwenye lebo ni matokeo ya kuzidisha, na kwamba kopo linaloorodhesha glisini, taurini na kreatini ndani ya mchanganyiko wa siri linastahili kutiliwa shaka kabla ya kusifiwa.

Wanaoutetea unga huu kama chakula cha kila mtu wana hoja zenye uzito, na nzito kuliko zote inahusu watu wanaokula kidogo. Mtu mzima mwenye kilo 70 anahitaji, kwa kiwango cha chini cha gramu 0.8 kwa kila kilo, gramu 56 za protini kwa siku. Kwa wazee, jopo la wataalamu lililokutana chini ya jina la PROT-AGE lilipendekeza mwaka 2013 gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo, kwa kuwa msuli wa uzeeni husikia ishara ya leusini kwa uzito, kama mtu aliyepungukiwa masikio. Mzee huyo huyo mara nyingi meno yamemwishia, hamu imepungua, na nyama inamchosha kutafuna. Anayetumia sindano ya kupunguza uzito yuko karibu na hali hiyo, tena kwa kasi zaidi, kwa sababu sehemu ya uzito anaoupoteza si mafuta bali ni misuli. Kwa watu hawa, protini yenye leusini nyingi, inayomezwa kwa mililita 250 za maji na isiyoziba tumbo, ni msaada wa kweli. Hata wenye tabu na laktosi wanaweza kuitumia, kwa kuwa wengi wao huvumilia hadi gramu 12 za laktosi kwa mara moja, na kijiko cha konsentreti hakifiki gramu 3, sembuse aisoleti. Wenye mzio wa maziwa ni suala tofauti kabisa: beta-laktoglobulini, ambayo haimo katika maziwa ya binadamu, ni miongoni mwa protini zinazowadhuru, na kwao aisoleti si salama kwa kuwa tu imesafishwa. Kwa hakika kilichosafishwa ndicho kinachowadhuru.

Upande wa pili nao una hoja nzito moja na kadhaa nyepesi. Ile nzito inatoka kwa wanaofuata mfumo wa NOVA, ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha São Paulo, unaopanga vyakula kwa kiwango cha kuchakatwa. Katika mfumo huo protini ya wei ni moja ya alama zinazotambulisha chakula kilichochakatwa kupita kiasi, kwa maana kwamba huikuti jikoni bali kiwandani. Siwezi kuwapinga kwa ukweli huo. Ndicho nilichokieleza hapo juu nilipozungumzia utando na maji ya jibini. Ninachotofautiana nao ni hatua inayofuata. Kuchakata hudhuru kwa njia mahususi, kwa kuondoa nyuzinyuzi, kuongeza chumvi na sukari, kufanya chakula kimezwe upesi kuliko shibe inavyofika, na kusukuma vyakula vingine nje ya sahani. Kati ya hizo, ile inayouhusu unga wa wei wenyewe, bila makorokoro ya ladha, ni ya mwisho. Kwa hiyo kipimo cha madhara yake ni kile kilichoondoka mezani ulipoingia. Ukichukua nafasi ya kinywaji cha sukari, mtu amefaidika. Ukichukua nafasi ya maharage na mboga, amepoteza zaidi ya alichopata, hata kama gramu za protini zimeongezeka.

Hoja nyepesi ni ile ya sumu. Mwaka 2025 taasisi ya Consumer Reports ya Marekani ilipima unga na vinywaji vya protini 23 na kukuta kwamba zaidi ya theluthi mbili vilikuwa na madini ya risasi yanayozidi kiwango ambacho taasisi hiyo imejiwekea, mikrogramu 0.5 kwa siku. Habari ilipozunguka ilibaki na sentensi moja tu, kwamba unga wa protini una risasi. Kilichodondoka njiani ni kwamba bidhaa za mimea zilikuwa, kwa wastani, na risasi mara tisa ya zile za maziwa, na sababu yake haina ugumu: mmea hunyonya kilichomo udongoni na ukikausha mbaazi unakausha na risasi yake, lakini mwili wa ng'ombe hukaa katikati ya udongo na maziwa na kuzuia sehemu kubwa. Kilichodondoka pia ni kwamba kiwango cha mikrogramu 0.5 kimewekwa chini kwa makusudi, ilhali mamlaka ya chakula ya Marekani, FDA, hutumia rejea ya mikrogramu 8.8 kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Risasi haina kiasi kizuri, na anayedai vipimo vikali anadai jambo la haki. Lakini kuchukua matokeo yaliyoonyesha kwamba wei ni miongoni mwa iliyo afadhali, na kuyatumia kuthibitisha kwamba wei ni sumu, ni kuisoma barua kwa kuangalia bahasha. Hoja ya figo ni ya jamii hiyohiyo. Mwenye figo zilizokwisha kudhoofika hushauriwa na daktari kuhusu kiasi cha protini, mara nyingi kwa kukipunguza, na asiuguse unga huu bila ushauri huo. Kwa mtu mwenye figo nzima, majaribio ya kula protini nyingi hayajaonyesha kwamba zinaharibika.

Hata hivyo hoja dhaifu kuliko zote, kwa maoni yangu, haiko kwa waoga bali kwa mashabiki, nayo ni kwamba kadiri unga unavyoongezwa ndivyo msuli unavyokua. Mwaka 2018 uchambuzi uliounganisha majaribio 49 yenye washiriki 1,863 waliokuwa wakinyanyua vyuma ulikuta kwamba protini ya nyongeza iliwapa, zaidi ya mazoezi yenyewe, wastani wa kilo 0.3 za mwili usio mafuta. Gramu mia tatu. Faida hiyo ni ya kweli, na uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba inafifia mtu anapofika kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 anafika hapo kwa gramu 112, na yule ambaye tayari anakula gramu 100 kwa nyama, mayai na mtindi ana nafasi ya nusu kijiko tu. Mashabiki haohao wamebeba pia imani kwamba mwili unatumia gramu 30 tu kwa mlo na zilizobaki zinapotea, na kwamba kinywaji cha moto "kinaua" protini. Mwili hufyonza karibu zote, ila kwa muda mrefu zaidi kiasi kinapokuwa kikubwa. Na moto hukunjua molekuli na kuzigandisha, kama unavyougandisha ute wa yai, bila kuziondolea asidi amino zake. Utapata mabonge yasiyopendeza kwenye kikombe, basi.

Nikirudi kwa aliyehamia kwenye kopo hivi karibuni, mantiki ya upunguzaji inampa majibu mahususi. Anayetumia sindano na kula milo miwili midogo anaweza kuchanganya kijiko kimoja kwenye maziwa badala ya maji, na hapo kalsiamu iliyoondoka kwenye utando inarudi kwa njia ya mlango wa mbele. Akiukoroga ndani ya shayiri iliyopikwa pamoja na tunda, nyuzinyuzi zinarudi pia. Mlo huo mdogo unabaki mlo. Bibi anayepewa kikombe asubuhi apewe pia sababu ya kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi, kwa sababu leusini huamsha msuli ambao umepewa kazi, na bila kazi ishara yake haiendi mbali. Mtoto mwenye afya anayekula vizuri hana pengo ambalo unga huu unaliziba, na mzazi anayemtilia kijiko kwenye chupa ya shule kwa hofu ya kurasa za matangazo anampunguzia nafasi ya tumbo ambayo chakula chenye vitu vingi kingeikalia.

Kwa upande wa wanaotunga kanuni, kosa kubwa ni kuendelea kuihukumu protini kwa wingi wake pekee. Katika Umoja wa Ulaya bidhaa inaruhusiwa kujiita yenye protini nyingi ikiwa angalau asilimia 20 ya nishati yake imetoka kwenye protini, na sharti hilo halisemi lolote kuhusu ubora. Kolajeni, ambayo haina kabisa asidi amino ya triptofani na kwa hiyo hupata alama ya sifuri kwenye kipimo cha 1991, inapita mlango uleule ambao wei inapita, na wanaochanganya hivyo viwili wanalijua hilo. Marekani wana utaratibu ulio bora zaidi, ingawa umefichwa nyuma. Bidhaa inayojinadi kwa protini inalazimika kuandika asilimia ya mahitaji ya siku, inayopimwa dhidi ya gramu 50, baada ya gramu zilizotangazwa kuzidishwa kwa alama ya ubora. Asilimia hiyo ingehamishwa kutoka kwenye safu ya herufi ndogo na kuwekwa mbele, pembeni ya ile namba kubwa, ubishi mwingi ungeishia dukani. Makopo mawili yanaweza kuandika gramu 24 kwa wino uleule. Geuza la wei, utakuta asilimia 48; geuza lile ambalo mchanganyiko wake una nusu ya ubora huo, utakuta 24.